Kutoka Nakuru Hadi Bungoma: Siku Sita za Kufuata Mshipa wa Chakula

Jumatatu: Nakuru hadi Kisumu

Tuliondoka Nakuru saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukiwa watatu katika gari la idara: dereva wetu, ambaye ameizoea barabara hii kwa miaka mingi kuliko ile niliyofundisha, mwanafunzi wangu wa uzamili, na mimi. Nyuma ya viti tulikuwa tumepanga hadubini iliyofungwa ndani ya blanketi, pakiti nne za nyembe, katoni ya chupa ndogo zenye vifuniko vya kukaza, mtungi wa lita tano wa dawa ya kuhifadhi tishu tuliyoichanganya wenyewe kwa formalini, spiriti na asidi ya asetiki, pamoja na mfuko wa karoti. Mzee wetu dereva hakushangazwa na chochote isipokuwa karoti, kwa kuwa alidhani ni chakula cha njiani. Nilimweleza kwamba jani ni laini mno kukatwa kwa mkono likiwa peke yake, hivyo sisi hupasua karoti kati, tukalibana jani humo, kisha tukavikata vyote viwili kwa pamoja vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga. Aliniuliza kama chuo kizima hakina mashine ya kufanya kazi hiyo. Mashine ipo, nikamwambia, lakini haisafiri, na wembe ukiwa mpya na mkono ukiwa umetulia, karoti hutosha.

Safari yenyewe ilihusu nepia, nyasi ndefu inayopandwa kwa ajili ya kulisha ng'ombe. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika magharibi ya Kenya wamekuwa wakisumbuliwa kwa miaka mingi na ugonjwa unaodumaza nepia: kichaka kikishakatwa, machipukizi yanayorudi huwa mengi, mafupi na membamba, majani yake hugeuka manjano, na hatimaye kichaka chote hufa. Kinachousababisha ni fitoplazma, yaani kijidudu cha jamii ya bakteria kisicho na ukuta wa seli, ambacho huishi ndani ya floemu, mishipa inayosafirisha chakula kutoka kwenye majani. Mwanafunzi wangu alitaka kuona jinsi floemu ya nepia inavyoharibika. Mimi nilikuwa na jambo la pili kichwani. Nilikuwa nimeahidi kutoa mhadhara wiki inayofuata kuhusu Katherine Esau, mwanamke aliyeitumia karibu kazi yake yote ya utafiti akiichungulia floemu, na bado sikuwa nimejua nianzie wapi.

Tulipita Salgaa kwa mwendo wa kobe nyuma ya malori, tukaiacha barabara ya Eldoret pale Mau Summit, na tulipokaribia Londiani ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba. Kwenye kizuizi kimoja cha polisi, askari alifungua mlango wa nyuma, akainama kunusa mtungi, akarudi nyuma hatua mbili akijifuta macho, na kutuambia twende salama. Formalini haihitaji barua ya utambulisho.

Kericho tulisimama kwa muda wa chai tu, lakini sikuweza kuondoka bila kuomba jani moja lililokomaa kando ya shamba. Jani la mchai ni kati ya yale ambayo kila mwalimu wa anatomia ya mimea angependa kuwa nayo, kwa kuwa ndani yake mna seli ngumu zenye kuta nene zilizotawanyika kama nyota zenye mikono mirefu, zinazopenya katikati ya seli laini na kulishikilia jani. Mwanafunzi wangu alikuwa amekunywa chai ya Kericho tangu utotoni bila kuziona. Nilimkatia kipande juu ya boneti la gari, nikakiweka katika tone la maji, akakitazama kwa lenzi ya mkononi na kudai ameona kitu. Sikuamini kwamba ameona, ila nilifurahi kwamba alitaka kuona.

Kutoka Kericho barabara huteremka, hewa ikawa nzito, na baada ya Awasi na Ahero tulikuwa kwenye tambarare ya Kano iliyojaa mpunga na joto. Tuliingia Kisumu alasiri. Sitaandika mengi kuhusu jioni hiyo, kwani tulikula ngege, tukalala.

Jumanne: Kisumu

Asubuhi tulikwenda Dunga, mahali ambapo mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo, hukua hadi kumpita mtu kimo na kuuficha ufuo. Hatukuwa na haja nayo kwa ajili ya nepia, lakini mwanafunzi wa anatomia akipita kando ya mafunjo bila kuyakata, ni kama mwanafunzi wa fasihi apite Lamu bila kusikiliza shairi. Bua la mafunjo lina pembe tatu. Ukilikata kwa kulala, unakuta nje ukanda wa kijani wenye vifungu vya mishipa vilivyosongamana, na ndani tishu nyeupe iliyojaa mianya ya hewa, inayofanya bua liwe jepesi na kuyawezesha mafunjo kusimama na mizizi yake ndani ya matope yasiyo na oksijeni. Mvuvi mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu alituuliza tunatafuta nini ndani ya togo, na mwanafunzi wangu alipomjibu kwamba tunatafuta hewa, alicheka na kutuambia hewa iko nje, tena ya bure.

Mchana nilikwenda Soko la Jubilee kununua bitiruti. Hiki ndicho kilikuwa kitendo cha maana zaidi cha siku nzima, ingawa mama aliyeniuzia alidhani nina upungufu wa damu na akanishauri nichanganye na tangawizi.

Jioni, katika chumba cha wageni, nililikata lile bitiruti kwa kulala na kuliweka mezani mbele ya mwanafunzi wangu. Lilionyesha duara ndani ya duara, nyekundu iliyokolea ikifuatwa na nyekundu iliyofifia, kama mti wenye umri mkubwa. Lakini bitiruti hukua kwa miezi michache tu, kwa hiyo zile si pete za miaka. Mimea mingi ina kambiamu moja, yaani safu ya seli zinazogawanyika na kutoa mishipa ya maji kwa ndani na mishipa ya chakula kwa nje. Bitiruti huunda kambiamu moja baada ya nyingine kuelekea nje, na kila moja huacha pete yake. Ndugu wa karibu wa bitiruti hili ni kiazisukari, zao linalotengenezewa sukari katika nchi za baridi, na ni kwa kiazisukari kwamba kazi ya Esau ilianza. Hapo nikajua mhadhara wangu utaanzia wapi: nitaingia darasani na bitiruti na kisu.

Nilimsimulia mwanafunzi wangu yaliyobaki wakati feni ikizunguka. Esau alizaliwa mwaka 1898 katika mji wa Yekaterinoslav, ambao leo ni Dnipro nchini Ukraine, katika familia ya Wamenoni, dhehebu la Kikristo la Kiprotestanti, na babake aliwahi kuwa meya wa mji huo. Mwaka 1916 alianza masomo katika chuo cha kilimo cha wanawake mjini Moscow, lakini mapinduzi yaliyakatiza, na familia ilikimbilia Ujerumani, ikafika Berlin mapema mwaka 1919. Huko akamaliza shahada ya kilimo. Mwaka 1922 walihama tena, safari hii hadi California, na msomi huyo wa kilimo alianza maisha ya Marekani kwa kazi ya nyumbani katika familia moja mjini Fresno. Baadaye aliajiriwa na kampuni ya mbegu, kisha na kampuni ya sukari iliyokuwa na mashamba karibu na Salinas, na kazi yake ilikuwa kuzalisha aina ya kiazisukari inayostahimili ugonjwa wa kujikunja majani, ambao ulikuwa ukiangamiza zao hilo.

Mwanafunzi wangu alinikatiza hapo. "Mwalimu, ugonjwa huo ulienezwa na nini?"

"Na virusi vinavyobebwa na mdudu mdogo arukaye, afyonzaye utomvu wa floemu."

Alinyamaza kidogo. Fitoplazma ya nepia nayo inaenezwa na mdudu wa aina hiyohiyo, na utafiti uliofanyika hapa Kenya na kuchapishwa mwaka 2009 ndio uliomtambulisha. Sikuhitaji kuongeza neno.

Kilichonivutia mimi zaidi katika kisa hicho ni jinsi alivyoingia katika anatomia, kwa kuwa hakuichagua. Mwaka 1928 alijiunga na chuo cha kilimo cha Davis ili asomee shahada ya juu na aendelee kuzalisha viazisukari vyake vinavyostahimili ugonjwa. Ila huko haikuwezekana kuwaachilia wadudu wenye virusi wazurure mashambani, maana jirani palikuwa na majaribio mengine ya kiazisukari ambayo yangeharibika. Njia aliyoijia ikazibwa. Akaamua kwamba, ikiwa hawezi kuupeleka ugonjwa shambani, atauchunguza ndani ya mmea, seli kwa seli. Watu wengi wakizuiwa hivyo hutafuta chuo kingine. Yeye alitafuta hadubini.

Jumatano: Msitu wa Kakamega

Kutoka Kisumu tulipanda hadi Kakamega kupitia Chavakali, mwendo wa kilomita hamsini hivi, na kabla ya saa tano tulikuwa tukitembea chini ya miti pamoja na mlinzi wa msitu. Msitu wa Kakamega ni mabaki ya upande wa mashariki ya misitu ya mvua inayoanzia Kongo, na ukiingia ndani kutoka kwenye mashamba ya mahindi unahisi kama umefunga mlango nyuma yako.

Nilitaka kuuona mti mmoja tu, Prunus africana, ambao wenyeji huuita mwiritsa. Gome lake limeuzwa nje kwa miaka mingi kwa ajili ya dawa za tezi dume, na tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa imewekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mlinzi alitupeleka kwenye mti uliowahi kubanduliwa gome upande mmoja. Kovu lilikuwa limefunikwa nusu na gome jipya lililotokeza kingoni kama midomo. Nilimwomba mwanafunzi wangu aeleze kwa nini mti huo uko hai, naye akaeleza vizuri: floemu ya mti iko ndani ya gome, na mtu akilibandua gome kulizunguka shina lote, chakula kutoka majani hakiwezi tena kushuka, mizizi hufa njaa polepole ilhali majani yanaendelea kupata maji na kuonekana mazima, hadi siku mti unapokauka wote. Kwenye mti huu mbanduaji alikuwa ameacha ukanda. Mlinzi alisikiliza yote hayo kwa adabu, kisha akasema babu yake alifundishwa kutobandua upande wa mawio na upande wa machweo kwa mwaka mmoja. Sijawahi kusikia sheria ya uhifadhi iliyo fupi kuliko hiyo.

Njiani kurudi alituchimbia kipande cha mukombero, tukautafuna. Ladha yake tamu yenye ukali ilinikumbusha vibanda vya barabarani, na nikaandika katika daftari kwamba siku moja nitaukata mzizi huo nione ladha inakaa katika tabaka gani.

Jioni ilileta aibu. Nilipofungua katoni niligundua kwamba chupa za mafunjo na za majani ya chai, tulizozijaza tangu Jumatatu, zilikuwa na vibandiko vyeupe visivyo na maandishi yoyote. Mwanafunzi wangu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino, chupa moja ikavuja, na spiriti ikafuta kila kitu. Hakuna sheria ya maabara iliyo ya kale kuliko hii: andika kwa penseli, kwenye kikaratasi, na ukitumbukize kikaratasi hicho ndani ya chupa pamoja na kipande cha mmea. Sikumgombeza, kwa sababu mimi ndiye niliyezifunga katoni asubuhi na sikutazama. Tulizitupa chupa kumi na moja na kuchonga penseli.

Alhamisi: Mumias hadi Bungoma

Tulipita Mumias kwa kuwa nilitaka kuiona tena miwa. Kiwanda cha sukari kilichofunguliwa hapo mwaka 1973 ndicho kilichogeuza eneo hili lote kuwa mashamba ya miwa, na kupanda na kushuka kwake kwajulikana na kila familia ya hapa kuliko ninavyoweza kueleza. Nilichokuwa nikikiwazia ndani ya gari ni kwamba sukari ya muwa na ya kiazisukari ni ile ile sukrosi, na kwamba katika mimea yote miwili husafiri ndani ya floemu ile ile ya ajabu, inayoundwa na seli ambazo zikikomaa hupoteza kiini chake na bado hubaki hai. Seli hizo zimeungana mwisho kwa mwisho, na kuta zinazozitenganisha zina matundu kama chekecheke. Kando ya kila moja pana seli mwenzi yenye kiini, inayoziendeshea wote wawili shughuli za uhai. Mtu asiyeikuta ndoa ya namna hiyo ikimstaajabisha sijui atastaajabishwa na nini.

Katika shamba moja la mahindi kando ya barabara tuliona maua ya zambarau ya gugu ambalo Wajaluo huliita kayongo, na ambalo wengi hulifahamu kwa jina la striga. Nalo ni mwizi wa mishipa, ila halichukui njia ya fitoplazma: hutuma kiungo kutoka mzizi wake hadi ndani ya mzizi wa hindi na kujiunga na mishipa ya maji. Tulichukua mizizi mitatu, tukaandika kwa penseli.

Bungoma tulimkuta mwenye shamba, mama mzee ambaye majirani wote humwita Kukhu. Ana ng'ombe wawili, na nepia yake imepandwa kwenye kingo za shamba kwa mistari minne. Mistari miwili ilikuwa imedumaa. Alitusimulia kwamba mbegu ya mistari hiyo alipewa na mtu wa ukoo kama zawadi, akaibeba kichwani mwendo wa saa moja, na kwamba hadi leo hajathubutu kumwambia aliyempa kuwa ilikuja ikiwa na ugonjwa ndani yake. Hivyo ndivyo ugonjwa huu unavyosafiri mbali; mdudu huueneza kutoka kichaka hadi kichaka, ila watu huubeba kutoka kijiji hadi kijiji, pingili kwa pingili, kwa ukarimu.

Tulifanya kazi hadi jua likazama. Mwanafunzi wangu alichagua vichaka vilivyougua zaidi, vyenye majani ya manjano kabisa, kwa hoja kwamba palipo na ugonjwa mwingi ndipo patakuwa na mengi ya kuona. Nilikubaliana naye. Nilimwonyesha jinsi ya kukata haraka na kutumbukiza kipande katika dawa mara moja, kwa sababu floemu iko chini ya shinikizo kubwa, na ukiikata ghafla utomvu hukimbilia kwenye jeraha na kuziziba chekecheke zake, ukaja baadaye ukaona vizibo ulivyovisababisha mwenyewe ukadhani ni ugonjwa. Tulijaza chupa ishirini na nne. Kukhu alitutazama akiwa ameketi juu ya kigoda, akimenya ndizi, na hakusema neno.

Usiku, katika hoteli ndogo mjini, nilitoa kipande kimoja nikakikata kwa karoti na kukitazama. Mahali pa floemu palikuwa na doa la kahawia lililosinyaa, seli zimekufa na kukandamizwa na seli jirani. Mwanafunzi wangu alishangilia. Mimi nilikaa kimya, kwa kuwa nilijua nimeona kaburi, na kaburi halisemi marehemu aliugua nini.

Ndipo nilipokumbuka kile ambacho Esau alikifanya na ambacho mimi, niliyekuwa nikijiandaa kumsifu mbele ya wanafunzi, sikukifanya. Kabla ya kuuchunguza mmea mgonjwa, alianza kwa kuufuatilia mmea mzima tangu nchani kabisa, ili ajue seli za floemu hukomaa lini na kwa mpangilio gani. Baadaye, akiutazama mmea mgonjwa, aliona kwamba uharibifu wa kwanza hujitokeza kando ya seli za kwanza za floemu zilizokomaa, palepale na wakati uleule ambapo njia ya chakula inafunguka. Hivyo alionyesha kwamba virusi hivyo vinaitegemea floemu. Asingeliona hilo kwenye jani la manjano. Aliliona kwenye nyuzi za tishu changa ambazo macho ya kawaida yangesema hazina ugonjwa wowote.

Ijumaa: Bungoma, tena

Tulirudi kwa Kukhu saa mbili asubuhi. Nilimwambia ukweli, kwamba jana tulichukua vitu visivyofaa, kwamba leo tunahitaji vichaka ambavyo bado havijaonyesha ugonjwa lakini vitaugua, na kwamba sijui jinsi ya kuvitambua.

Alinijibu kana kwamba nimeuliza bei ya chumvi. "Hivyo nilivijua jana, mwanangu. Mlikuwa mnakata maiti, nikasema wasomi wana sababu zao."

"Kukhu, mbona hukutuambia?"

"Mgeni hakosolewi siku ya kwanza."

Akasimama, akachukua fimbo yake, na kutupitisha kwenye mstari wa tatu, ambao kwangu ulionekana wa kijani na mzima. Alikuwa ameukata siku kumi zilizopita. Kwa fimbo aligusa kichaka, akaruka viwili, akagusa kingine. Alivyoeleza ni kwamba yeye haangalii rangi, huangalia jinsi nepia inavyorudi baada ya kukatwa: iliyo nzima hutoa machipukizi machache yenye nguvu na kukimbia juu, na ile itakayougua hutoa mengi kwa pamoja na kusitasita. Vitabu navyo husema kwamba dalili za ugonjwa huu hujitokeza hasa katika nepia inayochipua baada ya kukatwa, lakini havikunionyesha kusitasita huko. Nilipoinama nilikuona, nusu sentimita ya tofauti, labda chini ya hapo.

Tulichukua ncha za machipukizi kutoka vichaka sita alivyovigusa na sita alivyoviruka, tukaandika kwa penseli "K" kwa vilivyoguswa na "R" kwa vilivyorukwa, na mwanafunzi wangu akachora ramani ya mstari mzima katika daftari lake ili tumwombe Kukhu atuambie, baada ya miezi miwili, kama alikosea wapi. Yeye alisema hatakosea. Alitaka kujua tu kama vikijulikana mapema hivyo kutakuwa na dawa, na nilimwambia kwamba sina dawa, ila kwamba ni vyema vichaka vya "K" aving'oe na asitoe mbegu kutoka kwenye mstari huo. Aling'oa cha kwanza tukiwa bado hapo.

Mchana alitukaribisha chakula, ugali wa wimbi na mboga za kienyeji, na akaniuliza maswali mengi kuhusu yule mama mzungu niliyekuwa nikimtaja mara kwa mara. Alitaka kujua kama alikuwa na watoto. Nilimjibu kwamba hakuolewa wala hakuzaa, na kwamba alifundisha Davis tangu miaka ya mwanzo ya 1930 na kufanywa profesa kamili mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 51. Kukhu alipiga hesabu na kusema hiyo ni kuchelewa kupewa haki yake. Esau mwenyewe aliwahi kusema hakuona kwamba kuwa mwanamke kuliathiri kazi yake, nami humheshimu kwa hilo, ila katika hesabu hii niko upande wa Kukhu.

Nilimwambia pia yaliyofuata, kwa kuwa ndiyo niyapendayo. Kitabu chake kikubwa cha anatomia ya mimea kilitoka mwaka 1953 na kikafundishia vizazi vya wanabotania. Mwaka 1957 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Kitaifa cha Sayansi cha Marekani, mwanamke wa sita kupata heshima hiyo. Mwaka 1963, akiwa na miaka 65, umri ambao wengi hukabidhi funguo za ofisi, alihamia Santa Barbara ili aendelee kufanya kazi na Vernon Cheadle, mwenzake katika utafiti wa floemu, na huko akaendelea na hadubini ya elektroni, ambayo ilikuwa bado chombo kipya. Mwaka 1967 wanasayansi wa Japani walipotumia chombo hicho kuonyesha kwamba magonjwa fulani yaliyodhaniwa ni ya virusi yaliletwa na vijidudu visivyo na ukuta ndani ya floemu, hao ambao leo tunawaita fitoplazma, yeye alikuwa mahali pake, akichungulia mishipa hiyohiyo. Alistaafu kwa jina tu. Alipewa Nishani ya Kitaifa ya Sayansi mwaka 1989, akiwa na miaka 91, na akafariki mwaka 1997 akiwa amefikisha miaka 99.

"Mshipa mmoja tu, miaka yote hiyo?" Kukhu aliuliza.

"Mshipa mmoja, Kukhu."

Akatuongezea mboga.

Jumamosi: kurudi Nakuru

Tulirudi kwa njia ya Webuye na Eldoret. Timboroa kulikuwa na baridi iliyotufanya tufunge madirisha na kuvumilia harufu ya formalini. Mwanafunzi wangu alilala huku amelipakata daftari. Mzee alisema zile karoti zilizobaki zisitupwe, naye akazila zote kabla ya Nakuru.

Tuliingia maabara saa kumi na moja jioni. Chupa ishirini na nne za Alhamisi nimeziweka kwenye rafu ya chini, kwa kuwa hata kaburi lina matumizi yake ya kulinganisha. Zile kumi na mbili za Ijumaa ziko juu. Kabla ya kuonekana chochote ni lazima vipande viondolewe maji hatua kwa hatua katika spiriti inayozidi kuwa kali, vilowe katika nta iliyoyeyushwa, vigande, kisha vikatwe kwa ile mashine isiyosafiri, unene wa maikromita kumi. Hadubini yetu ya kawaida haitauonyesha mwili wa fitoplazma, kwani ni mdogo mno. Itatuonyesha seli za floemu na umri wake, na kama tumekata mahali panapofaa, itatuonyesha ni seli ipi iliyoanza kusitasita. Mwanafunzi wangu ameshaandika orodha ya "K" na "R" ukutani kwa penseli. Nusu ya bitiruti iliyobaki nimeifunga kwa karatasi na kuiweka kwenye friji, nayo nitaingia nayo darasani Jumanne.